Kulinda kura maana yake nini?

Nchini Uganda neno hili husikika zaidi kwa Kiganda, okukuuma akalulu, na kila uchaguzi unapokaribia hupanda jukwaani pamoja na wagombea. Kwa Kiswahili tunasema kulinda kura. Tatizo ni hilo neno "kulinda": wengi wakilisikia humwona mlinzi mwenye rungu mlangoni. Kazi yenyewe ni ya karani kuliko ya askari. Kulinda kura ni kuhakikisha kwamba idadi iliyohesabiwa mbele ya watu kituoni ndiyo itakayosomwa wilayani na ndiyo itakayofika Kampala, na isipofika hivyo, uwepo ushahidi wa maandishi wa kuonyesha ilipotea wapi.

Haki ya kufanya hivyo haitoki kwa chama chochote. Ibara ya 1 ya Katiba ya 1995 inasema madaraka yote ni ya wananchi, nao huonyesha ridhaa yao kwa uchaguzi wa mara kwa mara, ulio huru na wa haki. Ibara ya 3 inampa kila raia haki na wajibu wa kuitetea Katiba wakati wote. Lakini kiini ni ibara ya 68, ambayo wachache huisoma. Mbali na kura kuwa ya siri, inaagiza mambo manne: kura zihesabiwe kituoni hapo hapo mara tu upigaji unapofungwa, mgombea au mawakala wake wawepo tangu mwanzo wa kupiga hadi mwisho wa kuhesabu, msimamizi wa kituo na mawakala watie sahihi tamko la matokeo na kila mmoja abaki na nakala, na matokeo yatangazwe pale pale kabla ya kupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa wilaya.

Kiswahili chenyewe hapa kwetu kina historia ya kambi za jeshi. Wazee wengi wa Buganda walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikiamrisha. Kuisoma ibara ya 68 kwa lugha hiyo hiyo kuna ladha yake.

Wakala: macho mawili yenye barua

Mgombea anaruhusiwa mawakala wasiozidi wawili katika kila kituo, walioteuliwa kwa maandishi. Barua ya uteuzi ndiyo pasi. Asiyekuwa nayo ni mpiga kura wa kawaida, hata kama kijiji kizima kinamjua. Idadi inasikika ndogo mpaka uizidishe. Uchaguzi wa 2021 ulikuwa na vituo 34,684. Mawakala wawili kwa kila kituo ni watu 69,368, wote siku moja, wote wakihitaji nauli, maji na chakula, na wote wakihitaji kuaminika. Hapa ndipo vyama vingi huanguka, tena kabla kura ya kwanza haijapigwa. Mwenye njaa huondoka saa sita mchana "kidogo tu", na kituo kinabaki bila shahidi. Kwa hiyo mwenye kupanga vizuri hawaweki wawili ili wakae pamoja wakipiga soga. Huwaweka ili mmoja akila, mwenzake atazame.

Kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa ya kufunga hupiga kura. Wakala hufika kabla ya saa 1, kwa sababu jambo la kwanza la kuona ni sanduku tupu. Msimamizi huligeuza mbele ya watu wote, kisha hulifunga kwa lakiri. Andika namba ya lakiri. Andika pia idadi ya karatasi za kura zilizoletwa, pamoja na namba ya kitabu cha kwanza na cha mwisho. Ni dakika tano za kazi, na zisipofanywa asubuhi haziwezi kurudishwa jioni.

Mchana kazi ni kutazama daftari. Mashine ya alama za vidole ikigoma, watu hutambuliwa kwa daftari la karatasi, na ni hapo ndipo jina la aliyehamia Juba au aliyefariki mwaka juzi linaweza kupigiwa alama. Wakala anayetoka kijiji kile kile humjua nani yupo na nani hayupo. Wakala aliyeletwa kwa basi kutoka mjini hamjui mtu. Akiona kosa, asigombane. Kelele humpa askari sababu ya kumwondoa, na akiondolewa mgombea wake amepoteza zaidi ya alichokuwa anakitetea. Lalamiko liandikwe, lipewe msimamizi, na saa itajwe. Lisipopokelewa, andika pia kwamba halikupokelewa, na nani alikuwepo.

Hesabu ya jioni

Sehemu hii ndiyo yenye uzito wote, nayo hufanyika watu wakiwa wamechoka, giza likiingia. Siku ya uchaguzi wa 2021 kulikuwa na masanduku matatu: la rais, la mbunge wa jimbo na la mbunge mwanamke wa wilaya. Masanduku matatu ni hesabu tatu na fomu tatu.

Kabla ya kuhesabu nani kapata ngapi, hesabu karatasi. Tuseme kituo kilipokea karatasi 700. Waliopigiwa alama daftarini ni 412. Karatasi 3 wapiga kura walizikosea wakabadilishiwa. Basi zisizotumika lazima ziwe 285, kwa kuwa 412 na 3 na 285 ni 700. Ndani ya sanduku zitarajiwe 412: zikiwa halali 405 na batili 7, hesabu imekaa. Zikiwa 411, huenda mtu aliondoka na karatasi mfukoni. Iandikwe, haina ajabu. Zikiwa 430, karatasi 18 zimeingia sandukuni bila mpiga kura, na hilo liandikwe kabla ya mtu yeyote kushika kalamu ya kutia sahihi.

Kisha kila karatasi huinuliwa, huonyeshwa na kutajwa. Wakala makini huchora vijiti vyake mwenyewe kwenye daftari dogo, vinne na cha tano kikikata, asitegemee vya msimamizi. Hapa tochi ni bora kuliko simu, kwa sababu simu unaihitaji baadaye na chaji imeshaisha.

Baada ya hapo inakuja fomu ya tamko la matokeo, ambayo mawakala huiita kwa herufi zake tu za Kiingereza, DR (Declaration of Results). Sheria inaipangia nakala zake njia tano: moja hubaki kwenye kitabu cha taarifa cha msimamizi, moja hubandikwa kituoni watu waisome, moja huingia kwenye bahasha ya kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa wilaya, moja hupewa kila wakala, na moja hufungiwa ndani ya sanduku la kura. Aliyeubuni mpango huu aliijua dunia. Anayetaka kubadilisha matokeo ya kituo kimoja bila kujulikana inambidi abadilishe karatasi zilizo mikononi mwa watu wasiopendana.

Mpango huo huvunjwa na makosa yanayojulikana. La kwanza ni kutia sahihi fomu tupu. Mtu huambiwa asubuhi, au wakati wa kuhesabu, "weka sahihi kabisa ili tusicheleweshane", naye huweka. Mahakama huichukua sahihi ya wakala kuwa mgombea wake ameyakubali matokeo yale, na kuyakana baadaye ni kupanda mlima kwa magoti. La pili ni tarakimu bila maneno: 112 hugeuka 712 kwa mstari mmoja wa kalamu, lakini "mia moja kumi na mbili" haigeuki. La tatu ni nafasi iliyoachwa wazi kwa mgombea asiyepata kura. Iwekwe sifuri, maana nafasi tupu hujazika njiani. La nne ni sahihi ya msimamizi mwenyewe kukosekana. Mahakama ya Juu imekwisha kuamua kuwa fomu isiyo na sahihi ya msimamizi si halali, maana yake ni kwamba kijiji kizima kinaweza kupoteza kura zake kwa sababu ya mtu aliyesahau kutia wino mahali pake. Kabla hujapokea nakala yako, tazama hapo kwanza.

Usipokubaliana na hesabu, usikimbie na usichane fomu. Wakala asipotia sahihi, matokeo hayafutiki kwa sababu hiyo peke yake. Kinachosaidia ni sababu iliyoandikwa.

Jambo moja la tahadhari: anayetangaza mshindi ni Tume ya Uchaguzi peke yake, na matokeo ya urais inapaswa kuyatangaza ndani ya saa 48 tangu kura kufungwa. Wakala anaweza kusema, "Kituo changu kilitoa hiki." Akisema "fulani ameshinda nchi", ametoka kwenye kulinda kura na kuingia kwenye matatizo. Na mwaka 2021 intaneti ilizimwa tangu mkesha wa uchaguzi, kwa hiyo anayepanga kutuma picha za fomu kwa mtandao tu hajapanga. Panga bodaboda, na orodha ya kituo hadi kituo ya nani anampelekea nani.

Karatasi inapofika mahakamani

Pingamizi la ubunge hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo yachapishwe katika Gazeti la Serikali. Anayeweza kulifungua ni mgombea aliyeshindwa, au mpiga kura wa jimbo hilo anayeungwa mkono na sahihi zisizopungua 500 za wapiga kura waliosajiliwa pale. Rufaa huishia Mahakama ya Rufaa, haiendi juu zaidi. Pingamizi la urais hufunguliwa na mgombea tu, Mahakama ya Juu, ndani ya siku 15, na mahakama ina siku 45 za kuamua.

Nakala ya fomu uliyotoka nayo kituoni haitoshi. Fomu ile ni hati ya umma, na mahakama huitaka iliyothibitishwa na Tume. Mwenye kesi huandika barua mapema kuomba nakala zilizothibitishwa, na barua hiyo pamoja na muhuri wa kupokelewa huwa sehemu ya ushahidi. Zile sahihi 500 nazo zina mtego wake. Mtu asiyejua kusoma anapoweka dole gumba, sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma na kuandika inataka asomewe hati kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea aandike jina na anwani yake pamoja na uthibitisho kwamba alimfafanulia. Pingamizi zimeshatupwa kwa kukosa hilo, kabla hata hoja moja ya wizi wa kura haijasikilizwa. Ukikusanya saini Karamoja kwa hati ya Kiingereza, mkalimani ni sehemu ya kesi.

Kuna tofauti kubwa ambayo watu huichanganya. Kwa ubunge, kitendo kimoja cha rushwa kilichofanywa na mgombea mwenyewe, au kwa ridhaa yake, kikithibitishwa, kinatosha kuangusha ushindi. Lakini ukilalamika kwamba sheria ya uchaguzi haikufuatwa, lazima uonyeshe kuwa kasoro hizo ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Hiki kipimo cha "kiasi kikubwa" ndicho kilichoamua kesi za urais. Mwaka 2001 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika 3 kwa 2. Mwaka 2006 waligawanyika 4 kwa 3, baada ya kukubaliana wote kwamba sheria haikufuatwa, ikiwamo watu kufutwa majina kwenye daftari na dosari katika kuhesabu na kujumlisha. Hakuna uchaguzi wa rais uliowahi kubatilishwa Uganda. Ubunge hubatilishwa, tena si mara chache.

Sasa tumaini liko wapi?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ni haki. Mtu aliyesimama juani siku nzima, akahesabu mpaka usiku, akasikia redioni namba nyingine, ana haki ya kuuliza. Jibu letu ni kwamba tumaini si matarajio. Matarajio hutazama nani atashinda mwezi ujao. Tumaini, katika mambo haya, hutazama kimebaki nini baada ya mtu kusimama.

Chukua mfano wa siku 15 tulizozitaja. Zamani zilikuwa 10, na mahakama ilikuwa na 30 tu. Mgombea urais Amama Mbabazi alipopinga matokeo ya 2016 alishindwa, majaji wote tisa. Lakini hukumu hiyo ilibeba mapendekezo ya marekebisho, likiwamo la kwamba muda huo ni mfupi mno. Muda ukaongezwa, na kichekesho ni kwamba uliongezwa na marekebisho yale yale ya Katiba yaliyoondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa rais.

Marekebisho hayo yana funzo jingine, zito zaidi. Yalikuwa pia yamewaongezea wabunge muda, kutoka miaka 5 hadi 7, wakiwamo waliokuwa bungeni tayari. Waliokwenda Mahakama ya Katiba kuyapinga, katika kesi iliyosikilizwa na kuamuliwa mjini Mbale, walishindwa kwenye ukomo wa umri mwezi Julai 2018, na wakashindwa tena Mahakama ya Juu Aprili 2019, kwa 4 dhidi ya 3. Ndivyo inavyokumbukwa: walishindwa. Lakini ile miaka miwili ya nyongeza mahakama iliifuta. Bila wao, uchaguzi wa wabunge wa Januari 2021 ungesubiri hadi 2023. Kila aliyechagua mbunge siku ile, wa chama chochote, alichagua kwa sababu kuna watu walikubali kushindwa hadharani kwenye lile kubwa.

Kwenye uhuru wa kukusanyika ngazi ni ndefu. Mwaka 2008, kwa kesi ya Muwanga Kivumbi, Mahakama ya Katiba ilifuta mamlaka ya polisi ya kupiga marufuku mikutano. Bunge likatunga sheria mpya mwaka 2013 iliyorudisha mamlaka kama hayo kwa mlango wa nyuma. Watetezi wa haki wakarudi mahakamani, na Machi 2020 kifungu cha 8 cha sheria hiyo kikabatilishwa. Miaka kumi na miwili. Uhuru wa kusema una ngazi yake: kosa la kuchapisha habari za uongo lilifutwa 2004, uchochezi 2010, na kifungu cha "mawasiliano ya kukera" katika sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta Januari 2023.

Na kuna inayoteleza. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia wasihukumiwe na mahakama za kijeshi. Kufikia Juni mwaka huo huo sheria ya jeshi ilikuwa imerekebishwa kuwarudisha raia huko katika mazingira fulani. Asemaye hukumu ile haikuwa na maana anakosea kidogo: sheria ile mpya sasa inabidi itetewe mbele ya hukumu iliyoandikwa.

Nyuma ya hawa wote yuko Benedicto Kiwanuka, raia wa kwanza wa Uganda kuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo. Septemba 21, 1972, watu wa Idi Amin walimchukua Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe, na hakurudi. Muda mfupi kabla alikuwa ameamuru aachiwe Mwingereza aliyezuiliwa kinyume cha sheria. Wala hakuwa mtu mashuhuri, yule mfungwa. Kiwanuka aliifanya kazi ya siku hiyo kama ilivyoandikwa.

Kijijini, ambapo hakuna siri

Tumezungumzia kura ya siri, lakini uchaguzi ulio karibu zaidi na mtu hauna siri kabisa. Mwenyekiti wa kijiji, LC1, huchaguliwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Ulipofanyika Julai 10, 2018, ulikuwa wa kwanza tangu 2001. Hapo hakuna karatasi wala sanduku, na kuhesabu ni rahisi kuliko kote. Kinachohitajika ni kingine: kusimama nyuma ya mtu mwenye mstari mfupi, mbele ya jirani, mwenye nyumba unayopanga na shemeji, kisha kesho ukachote maji bomba lile lile. Wanaofanya hivyo kila kijiji huwajua. Chama kinachotafuta mawakala hakina haja ya kutangaza. Kiulize tu nani alibaki kwenye mstari mfupi.

Na asiye wakala wala mwenye kesi anaweza kufanya nini? Ile nakala ya pili ya fomu, inayobandikwa kituoni, ni ya kila mtu. Hubandikwa usiku, na mara nyingi kufikia asubuhi imeng'olewa au imelowa mvua. Nenda usiku huo huo, pamoja na mwenzako. Soma namba ya kituo, jumla ya halali, jumla ya batili, na kura za kila mgombea, na uone kama sahihi ya msimamizi ipo. Piga picha fomu nzima, kona zote nne zionekane, halafu nyingine ya mbali kidogo inayoonyesha mti, ukuta au darasa ilipobandikwa. Nakili namba kwa mkono pia, kwa tarakimu na kwa maneno, weka tarehe na saa, na mwenzako aandike jina lake chini ya lako.